Tiketi za Watu Wawili

Ramani ilikaa juu ya meza ya jikoni wiki tatu nzima. Ilimwagikiwa kahawa, ikashika makombo ya mkate, na kila siku baada ya chakula Addolorata aliiinamia mpaka shavu likagusa karatasi, utadhani anainusa. Macho yake yalikuwa yameharibika katikati. Ukimwuliza anaonaje, anakujibu kwamba kando anaona, katikati hamna kitu: masikio ya watu anayaona vizuri, pua ndizo zilizopotea. Daktari alikuwa amesema hata hizo kando zitafifia, huenda kabla ya baridi kuingia, huenda baada yake. Aliyasema hayo huku akiandika, bila kuinua kichwa.

"Hebu nisomee tena," alimwambia binti yake.

Fernanda alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, miguu imemvimba. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee pale pale mjini kwao Winterthur, na tangu macho ya mama yaanze kwenda kombo alikuwa amerudisha virago vyake kwa wazazi.

"Mama, nilikusomea jana."

"Jana imeshapita."

"Haya. Jumatatu Lucerne, tunalala. Jumanne Lugano, tunalala. Jumatano Milano. Alhamisi Bologna. Ijumaa na Jumamosi Firenze. Jumapili nyumbani."

"Na Milano tunatoka nje?"

"Tunatoka."

"Nje ya stesheni?"

"Nje kabisa, mama. Mpaka kanisa kubwa. Tutakaa kitako tunywe kahawa kama watu wenye nafasi zao."

Addolorata akacheka kidogo, akarudisha shavu kwenye ramani. Miaka kumi ya ujana wake alikuwa ameipita miji hiyo kila Desemba kwenda kwao Lecce, na kila Machi kurudi kazini, mabegi mkononi na mkate wa mayai kifuani, akikimbia kutoka jukwaa moja kwenda jingine. Milano aliijua kwa sakafu yake. Bologna aliijua kwa bomba moja la maji. Firenze hakuwahi hata kuipita. Aliiona kwenye kifuniko cha kopo la biskuti, na kopo lenyewe lilikuwa la mwenye nyumba.

"Chiasso hatushuki," Oronzo alisema kutoka kwenye kiti chake karibu na jiko. Alikuwa na miaka themanini na miwili, na alikuwa hajasema neno tangu wamalize kula.

"Hakuna anayeshuka Chiasso, baba. Treni inapita tu."

"Inasimama."

"Inasimama dakika chache."

"Basi mimi nimeshasema. Hatushuki."

Hawakubishana naye. Chiasso ndio mpaka wa nchi hii na kwao. Mwaka wa sitini na moja alisimamishwa pale kifua wazi, katikati ya foleni ya wanaume waliomeza mate kimya kimya, apigwe picha ya mapafu kabla hajaruhusiwa kumimina zege la nchi ya watu. Tangu siku ile hakuvua shati mbele ya mtu, hata ziwani, hata Agosti.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo halikusemwa pale mezani, na ndilo lililomfanya Fernanda aombe wiki ile ya likizo tangu mwezi wa kwanza. Watu hawa watatu hawakuwahi kupanda treni pamoja. Sheria ya wakati ule ilisema kibarua wa msimu aje na mikono yake tu. Mke akipata kazi yake naye aje. Mtoto abaki kwao. Fernanda alibaki na bibi. Bibi alipokufa, mtoto akiwa na miaka sita, binamu mmoja alimvusha mpaka ndani ya buti ya gari la Fiati, chini ya mablanketi. Akaishi miaka mitatu katika chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto ambaye hayumo kwenye karatasi yoyote. Masharti yalikuwa manne: usicheke kwa sauti, usitembee na viatu, usivute maji ya choo mchana, usikaribie dirisha. Karatasi zake zilipopatikana alikuwa na miaka tisa, na mwaka huo huo Oronzo alinunua gari. Basi treni ikawaponyoka.

Kwa Fernanda, wiki hii ilikuwa ni hiyo treni. Macho ya mama yalikuwa sababu ya kuwaambia watu.

*

Jumamosi moja asubuhi, wiki kadhaa kabla ya safari, walikwenda stesheni. Fernanda angeweza kununua tiketi zote kwa simu akiwa kitandani, lakini Oronzo hakutaka kusikia.

"Simu haina mhuri," alisema.

"Siku hizi hata kaunta haina mhuri, baba."

"Kaunta ina mtu."

Alivaa koti la kanisani. Kwapani alibana faili lake la bluu, lenye vibali vyake vyote vya kuishi tangu kile cha kwanza, vyeti vya ndoa na kuzaliwa, na barua za viwanda ambavyo vimeshavunjwa. Faili hilo alikwenda nalo benki, alikwenda nalo hospitali, na mara moja, Fernanda aliapa, alikwenda nalo kununua jokofu.

"Watakuuliza kibali ili unywe kahawa Milano," Fernanda alimtania.

"Cheka tu. Siku watakayokuuliza utanitafuta."

Akachukua namba, akaketi wima. Fernanda alimpa karatasi aliyoandika treni zote, tarehe na saa, kwa herufi kubwa. Kabla namba haijaitwa, mama akamvuta mkono: choo. Choo cha stesheni kina geti, na geti linataka sarafu. Addolorata alipapasa chuma kile kutafuta tundu, sarafu ikamponyoka, ikabingirika hadi miguuni mwa wasichana wawili wenye mabegi ya mgongoni. Mmoja aliiokota, akaitumbukiza mwenyewe, akamwambia "Haya bibi" kwa sauti ile wanayosemeshwa nayo watoto. Addolorata alishukuru kwa Kijerumani. Humo ndani akamwambia binti yake, "Pua yake sikuiona, lakini nina hakika ilikuwa juu."

Walipotoka, Oronzo alikuwa amemaliza. Alisimama katikati ya ukumbi, bahasha nene kwenye mfuko wa ndani wa koti, uso umemng'aa.

"Nimesema Kijerumani chote peke yangu," alisema. "Karani hakuniomba nirudie hata neno moja."

*

Nyumbani Addolorata aliweka maji ya tambi jikoni na kuchambua majani machungu kwa vidole, maana kwa vidole hakuhitaji macho. Ilikuwa imegonga saa sita, saa ya utulivu, ambapo jengo zima hunyamaza mpaka saa saba: hakuna ufagio wa umeme, hakuna nyundo, hakuna redio. Fernanda alipangusa ramani, akafungua bahasha, akaanza kuzipanga tiketi juu ya miji yake. Akafika Bologna, akasimama. Akarudi Lucerne.

"Baba, nyingine ziko wapi?"

"Nyingine zipi?"

"Ziko mbili mbili. Lugano mbili, Milano mbili. Bologna mbili."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini? Tuko wangapi hapa?"

Oronzo akavuta bahasha, akaitikisa, akachungulia ndani kama mtu anayetafuta funguo mahali anapojua hazipo.

"Alikuuliza watu wangapi?" Addolorata alisema, mgongo bado umeelekea sinki.

"Aliuliza."

"Ukasema?"

"Alikuwa nyuma ya kioo, anaandika kwenye kompyuta. Akauliza, watu wangapi. Nikamjibu."

"Ukamjibu wangapi, Oronzo?"

Mzee aliitazama mikono yake. "Nilivyowajibu siku zote," alisema.

Maji yalianza kuchemka na hakuna aliyeyaendea. Fernanda alijua. Alikuwa ameisikia sentensi ile akiwa nyuma ya kabati, magoti kifuani: mwenye nyumba mlangoni, au mtu wa manispaa na daftari, na sauti ya baba, tulivu, yenye heshima. Wawili, bwana. Mimi na mke wangu tu.

"Nilikuwa hatua ishirini kutoka hapo, baba. Nimemshika mkeo mkono."

"Ni ulimi tu. Ulimi umezeeka."

"Haujazeeka. Unakumbuka kuliko wewe mwenyewe."

"Si tunaongeza moja tu? Jumatatu nakwenda, naongeza. Tatizo liko wapi?"

"Tatizo liko wapi?" Fernanda alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Miaka hamsini, baba. Nimelipa kodi ya nchi hii, nimezika mume katika nchi hii, napika supu ya nusu ya vikongwe vya mji huu. Mtu anakuuliza kama nipo, na wewe unasema..."

Bi Zollinger, jirani wa ghorofa ya chini, aligonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Mara mbili, kama kawaida yake.

Addolorata aliinua kidole chenye majimaji ya majani akakiweka midomoni. Oronzo alinyanyua miguu yake yenye slipa, akaishikilia hewani juu ya sakafu. Na Fernanda akakuta kiganja chake mwenyewe kimeziba mdomo wake, hakukumbuka kukiinua. Alikaa hivyo muda mrefu, akipumulia vidoleni. Kisha akakishusha taratibu.

"Nendeni," alisema kwa kunong'ona, na huko kunong'ona ndiko kulikomuuma zaidi. "Si mko wawili? Nendeni wawili."

*

Bila yeye hapakuwa na safari, na wote walilijua hilo. Addolorata asingeweza kusoma ubao wa stesheni, na Oronzo alikuwa anapotea hata katika duka jipya la mtaani. Hata hivyo hakuna aliyelisema. Jumapili ilipita kwa sahani na vijiko. Jumatatu ramani ilikunjwa. Hakuna aliyekiri kuikunja. Fernanda aliamka alfajiri, akaenda kazini, akarudi, akaoga, akalala. Mama alimwachia chakula kimefunikwa. Baba alimwachia kimya, maana hicho ndicho alichokuwa nacho.

Kazini kulikuwa na orodha ya likizo, imebandikwa kwenye mlango wa jokofu kubwa. Ijumaa asubuhi mkuu wa jiko angeichukua, na baada ya hapo hakuna kubadilisha.

"Mbona unaitazama kama cheti cha kifo?" Vesna alimwuliza. Walikuwa wamesimama meza moja miaka kumi na moja, Vesna na karoti zake, Fernanda na vitunguu vyake. "Si unakwenda kula maisha Firenze?"

"Labda siendi."

"Huendi? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Mzee alinunua tiketi, akanisahau."

Vesna aliweka kisu chini. Alimtazama aone kama anatania. "Unakaa naye nyumba moja, akakusahau?"

"Hakunisahau. Alinificha. Kazoea."

Vesna hakuelewa, na Fernanda hakuwa na nguvu ya kueleza. Ndivyo uchovu ulivyo. Unakula maelezo kwanza.

"Sikia, shoga," Vesna akasema baada ya karoti tano sita. "Sitaki uone nanyemelea mali ya mtu. Lakini kama kweli huendi, wiki hiyo nipe mimi. Dada yangu anajenga, nikamsaidie kupaka rangi. Niambie mapema tu."

"Nitakuambia kesho."

"Leo ni Alhamisi."

"Basi leo. Nikitoka kula nyumbani nitakupigia."

Alitembea kurudi nyumbani chini ya mvua nyembamba, na kufika mlangoni alikuwa ameshaamua. Wiki angempa Vesna. Mama angempeleka Jumapili moja Lucerne, aone ziwa, warudi. Yeye mwenyewe alikuwa ameishi bila treni hiyo mpaka leo na hakufa.

*

Alipopanda ngazi alisikia sauti ambayo haikupaswa kusikika saa sita mchana katika jengo lile. Mama yake alikuwa anacheka. Hakuwa anacheka kwa pua kama siku zote. Alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

Oronzo alikuwa ameketi mezani na koti lake la kanisani, limelowa mabegani. Faili la bluu lilikuwa mbele yake. Ramani ilikuwa imefunguliwa.

"Njoo usikie, mwanangu," Addolorata alisema, akifuta macho yake mabovu. "Tumetoka stesheni. Nimekwenda naye, nimemshika mkono wote, unatetemeka kama wa mlevi."

"Haukutetemeka," Oronzo alisema.

"Ulitetemeka. Tumefika kaunta, karani yule yule. Baba yako kasimama wima kama askari, kasema: Bibie, Jumamosi nilikuja hapa nikasahau mtoto. Karani kashtuka, maskini. Kamwambia, usijali bwana, mtoto tutamwongeza, watoto wana bei yao. Mtoto ana umri gani?"

Akashindwa kuendelea. Akapiga meza kwa kiganja.

"Nikasema hamsini na sita," Oronzo alimalizia, bila kutabasamu. "Foleni yote ikacheka. Nyuma yangu palikuwa na watu kumi, wamecheka wote."

"Hata karani."

"Hata karani. Nikatoa faili, nikamwonyesha cheti cha kuzaliwa. Akasema hakihitajiki. Nikamwambia kitazame, bibie. Akakitazama."

Fernanda alikuwa bado mlangoni, mwavuli unadondosha maji kwenye viatu vyake. Alilijua koti lile na alilijua faili lile. Alijua pia kwamba mtu huyu alikuwa tayari kutembea kilomita mbili kuliko kumwuliza mgeni njia. Mbele ya watu kumi.

Ufagio wa Bi Zollinger ukagonga chini ya miguu yao, mara mbili.

Addolorata akafunga mdomo papo hapo. Mkono wake ukaanza kupanda. Oronzo akaushika, akaurudisha juu ya meza, akauacha chini ya wake.

"Mwache agonge," alisema, kwa sauti ya kawaida, sauti ya mchana. Kisha akamgeukia binti yake. "Kaa. Kuna tatizo."

Fernanda akaketi.

"Kwingine kote tumekaa sawa. Lakini Lugano kwenda Milano behewa letu limejaa. Kimebaki kiti kimoja, behewa jingine, mwisho kabisa. Karani akataka akuweke wewe huko."

"Sawa," Fernanda alisema. "Nitakaa huko. Ni saa moja na kitu tu."

"Nilikataa. Huko nakaa mimi, kiti changu cha karibu na mama yako akakuandikia wewe."

"Baba, hicho kipande ndicho chenye Chiasso."

"Najua kina nini."

"Utapita peke yako?"

"Treni inasimama dakika chache tu," Oronzo alisema. "Si uliniambia mwenyewe? Sishuki." Akafungua faili la bluu. Tiketi mpya ya Fernanda ya kipande hicho hakuiweka kwenye bahasha pamoja na zile nyingine. Alikuwa ameipachika humo, kati ya kibali chake cha mwaka wa sitini na moja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Akaitoa kwa vidole viwili, akaiweka juu ya ramani, akaisukuma mpaka upande wa binti yake. "Wewe unakaa na mama yako. Soma. Mimi miwani sina."

Miwani ilikuwa mfukoni mwake, inaonekana. Fernanda akasoma behewa, akasoma namba ya kiti, na chini yake, kwa herufi ndogo, akasoma neno la mwisho. Hakulitamka.

"Dirishani," Oronzo alisema. "Nilimwuliza mara mbili. Maana vipo viti wanaviita vya dirishani, ukikaa unatazama ukuta ulio kati ya dirisha na dirisha. Nikamwambia sitaki hicho. Akanigeuzia kompyuta nione picha yake. Ni kioo kitupu, toka begani mpaka juu."

Fernanda alivua koti, akalitundika kwenye kiti. Akatoa simu, akaandika kwa kidole kimoja, polepole, kwa sababu mikono ilikuwa na baridi: *Vesna, wiki haipo, nisamehe.* Kisha akamuuliza mama kama maji ya tambi yameshawekwa jikoni.

"Bado," Addolorata alisema. "Tulikuwa tunakusubiri wewe. Weka ya watu watatu."